Picha ya Tulipu Huanza na Ramani ya Mlima

Ukiona picha ya tulipu nyekundu iliyofunguka mteremkoni, theluji ikimeta nyuma yake, swali linalokujia haraka ni kamera gani ilitumika. Mpiga picha mzoefu huuliza kwanza ilikuwa mwezi gani, mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na saa ngapi. Ziara za mimea zinazopita Tien Shan ya magharibi, kusini mwa Kazakhstan, zinafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo: karibu kila uamuzi wa kiufundi unaofanywa huko unatokana na tabia ya ua lenyewe.

Asia ya Kati ndiyo yenye spishi nyingi zaidi za tulipu mwitu. Hifadhi ya Aksu-Zhabagly, iliyo katika milima hiyo ya Tien Shan, iliyoanzishwa mwaka 1926 na kongwe kuliko zote Asia ya Kati, inapanda kutoka vilima vya nyasi hadi vilele vinavyozidi mita 4,000. Wageni huja kutafuta hasa spishi mbili. Tulipa greigii ina ua kubwa, mara nyingi jekundu, na majani yenye michirizi ya zambarau. Tulipa kaufmanniana ni fupi, nyeupe au ya rangi ya maziwa, yenye manjano katikati na wekundu mgongoni mwa petali, nayo huchanua mapema, theluji ikiwa bado inayeyuka kando yake.

Mwinuko ndio kalenda

Kwa wastani joto hushuka kama nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo majira ya kuchipua hayaji siku moja mlima mzima. Hupanda polepole kutoka bondeni. Mwongozaji anayeijua kazi yake huitumia hali hiyo kurudisha wiki nyuma. Tulipu ambazo zimeshapukutika chini bado zinafunguka mita mia kadhaa juu. Katika nusu ya pili ya Aprili, msafara unaweza kuikuta greigii kwenye vilima vya chini, kisha ukapanda hadi ukingo wa theluji na kuikuta kaufmanniana, ambayo bondeni ilishamaliza zamani.

Jambo jingine ni upande wa mteremko. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatulihisi sana, kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi. Kule adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo mteremko unaotazama kusini hupoteza theluji mapema, na unaotazama kaskazini huchelewa. Mwaka ukiwa wa baridi, msafara hutafuta miteremko ya kusini. Ukiwa wa joto, hugeuka kaskazini. Ziara iliyofungwa kwenye kituo kimoja na tarehe moja haina nafasi ya kugeuka namna hiyo.

Saa nne asubuhi, wala si alfajiri

Wapiga picha wa mandhari hufundishwa kuamka kabla ya jua. Kwa tulipu, anayefuata kanuni hiyo peke yake atapata ua lililofumba. Petali hufunguka kwa joto: upande wa ndani ukipata joto hukua haraka kuliko wa nje, na ua likatanuka. Baridi au wingu zito likiingia, mambo yanageuka na ua linajifunga. Siku ya jua, ua huwa wazi kuanzia yapata saa nne asubuhi hadi alasiri.

Mgawanyo wa kazi unafuata hapo. Asubuhi na mapema hupigwa mgongo wa petali, na kaufmanniana iliyofumba huonyesha wekundu wake vizuri wakati huo. Jua likishapanda, hupigwa ndani ya ua. Mwanga wa saa hizo ni mkali, kwa hiyo kitambaa cheupe chepesi huinuliwa juu ya ua ili kuulainisha. Njia nyingine ni kulala upande ulio mkabala na jua na kuliacha lipenye petali kutoka nyuma.

Wekundu unaoidanganya kamera

Hapa ndipo picha nyingi za greigii zinapoharibika. Katika sensa ya kawaida, kati ya kila vitundu vinne vya kupokea mwanga, viwili ni vya kijani, kimoja cha nyekundu na kimoja cha bluu. Histogramu ya kawaida ya mwangaza nayo huupa uzito zaidi kijani. Ua jekundu sana linaweza kujaza njia ya nyekundu hadi juu huku histogramu ikionyesha kuwa kila kitu ni salama. Baadaye kwenye kompyuta, petali inakuwa bapa jekundu lisilo na mshipa hata mmoja, na hakuna programu ya kurudisha kilichopotea.

Tiba ni kufungua histogramu inayoonyesha kila rangi peke yake, kupunguza mwangaza kwa theluthi mbili za kituo cha mwangaza (stop) au kituo kizima, na kuhifadhi faili la RAW. Kichujio cha polaraizi husaidia pia, kwani huondoa mng'ao mweupe juu ya petali na majani.

Upepo nao una masharti yake. Njia ya mlimani ya Chokpak, karibu na hifadhi ya Aksu-Zhabagly, inajulikana kwa upepo. Huko mbinu ya kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti haifai, maana ua halitulii. Afadhali kasi ya shata ya 1/500 au zaidi, ISO ikipandishwa bila woga, na mwenzako akae upande upepo unakotoka ili aukinge. Kwa picha inayochukua ua pamoja na mlima, lenzi pana iliyosogezwa karibu kabisa hufanya kazi vizuri. Simu pia hufaa: sensa yake ndogo huonyesha mbele na nyuma kwa ukali unaoridhisha.

Picha inayotambulisha

Mtaalamu wa mimea Eduard Regel wa St Petersburg alizieleza greigii mwaka 1873 na kaufmanniana mwaka 1877, akitegemea mimea iliyong'olewa Turkestan na kupelekwa kwake. Leo greigii inalindwa kisheria nchini Kazakhstan, hivyo picha ndiyo inayobeba ushahidi. Picha moja haitoshi. Zinatakiwa nne: mmea mzima pamoja na majani, ndani ya ua (ili doa la chini ya petali na vikonyo vya stameni vionekane, kwani vikonyo kuwa na vinyweleo au kutokuwa navyo hutenganisha makundi makubwa ya tulipu), mgongo wa petali, na mazingira. Seti hiyo husaidia zaidi pale greigii na kaufmanniana zinapokutana na kuzaa machotara.

Kisha kuna suala la mahali pa kupiga goti. Tulipu isiyofikia umri wa kuchanua hutoa jani moja tu, na kutoka mbegu hadi ua la kwanza huweza kupita miaka 5 hadi 7. Jani hilo pweke linalofanana na nyasi pana ni ua la miaka ijayo. Mwongozaji mzuri hulionyesha kabla mtu yeyote hajalala chini, kisha huwapitisha wageni kwenye mawe au njia ya mifugo, mmoja nyuma ya mwingine.

Mahali pa picha pafichwe pia, kwa kufuta alama za GPS kwenye faili kabla ya kuisambaza, kwa sababu wachimbaji wa matunguu nao husoma ramani. Tanzania inaijua hatari ya namna hiyo kupitia okidi za nyanda za juu kusini, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda.

Anayetaka kulipia ziara ya aina hii basi aiulize kampuni mambo matatu kabla ya kuuliza hoteli. Je, ratiba inapita miinuko tofauti na inaweza kubadilishwa theluji ikichelewa? Je, kuna muda wa kutosha uwandani kati ya saa nne asubuhi na alasiri, au saa hizo zimetengwa kwa safari ya basi na chakula cha mchana? Je, mwongozaji mmoja anasimamia watu wangapi? Majibu yakiwa mabaya, lenzi ya bei kubwa haitamsaidia.