Alilala Siku Ngapi? Ugonjwa na Nafuu katika Hadithi za Picha za Mashujaa

Makala haya yanajadili jinsi ugonjwa unavyosawiriwa katika hadithi za picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Matini yaliyotumika ni nakala za zamani za Strange, jarida lililoanzishwa mwaka 1970 na shirika la Lug la mjini Lyon, Ufaransa, ambalo lilichapisha kwa Kifaransa hadithi za Marvel ya Marekani. Nakala tulizo nazo hapa Kalemie zimepita mikono mingi, na baadhi hazina tena majalada. Mwandishi alizisoma upya kitandani, alipokuwa akipata nafuu baada ya malaria kali, huku akimfasiria mpwa wake kwa Kiswahili.

Mtoto huyo ndiye aliyeibua swali letu. Shujaa alikuwa ameporomoshwa kutoka juu ya ghorofa. Katika picha iliyofuata amekwisha simama, ngumi mbele. Mpwa wangu akauliza: "Mjomba, huyu alilala siku ngapi?" Nilitafuta jibu katika picha zote mbili, nisilione. Siku hizo, kama zilikuwapo, zilikuwa katika ule ufito mweupe unaotenga picha na picha.

Si kwamba ugonjwa haumo katika hadithi hizi. Captain America wa mwaka 1941, aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, alikuwa kijana dhaifu aliyekataliwa na jeshi. Daredevil wa mwaka 1964 ni kipofu. Iron Man wa mwaka 1963 ana vipande vya chuma karibu na moyo. Hata hivyo, udhaifu huo hufutwa upesi. Captain America anapewa dawa na papo hapo anakuwa pande la mtu; Daredevil anapoteza macho lakini hisi zake nyingine zinanolewa kupita kiasi. Ugonjwa unakuwa mlango wa kuingilia katika nguvu, na mlango huo ukishapitwa hautazamwi tena.

Iron Man anatofautiana nao kidogo. Kifaa cha kifuani kinachomweka hai lazima kitiwe umeme kila mara, la sivyo moyo utasimama. Msomaji anayehesabu vidonge vyake kwa saa anamtambua mara moja. Baadaye waandishi walimponya moyo, lakini mwaka 1979 David Michelinie na Bob Layton walimpa maradhi mengine, yaani ulevi. Mwishoni mwa mfululizo huo ushindi wake ni kujizuia asinywe, akisaidiwa na rafiki. Kwa maoni yetu, hapo ndipo fani hii ilipokaribia zaidi kusema kweli juu ya mwili wa binadamu.

Huenda ikadaiwa kwamba kosa si la waandishi bali ni la utaratibu wa jarida: shujaa hana budi kurudi kila mwezi akiwa mzima. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, naye husimuliwa kwa vipindi. Katika masimulizi ya Shé-Kárisi Rureke, yaliyorekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, na hakuna amshindaye. Lakini baada ya kuua joka, rafiki yake Nkuba, ambaye ni Radi, anampeleka juu mbinguni. Huko anateswa na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota kwa muda wa mwaka mzima, bila nyumba, kwa baridi na kiu. Anarudi kijijini akiwa mpole, na ndipo anapofaa kutawala. Msimulizi hakuuficha mwaka huo. Aliufanya kuwa kilele cha utendi.

Fumo Liyongo wa pwani, kama alivyotungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, hana nafuu kabisa: sindano ya shaba kitovuni inamuua. Nguvu zake zina mpaka, na mpaka huo unaheshimiwa na mtunzi.

Kwa hiyo hatukubaliani na walimu wanaowanyang'anya wanafunzi majarida haya kwa madai kwamba ni upuuzi. Kasoro yake si uzito wa misuli wala rangi za mavazi. Ni kwamba yanamfundisha mtoto kuwa anayeinuka polepole ameshindwa. Katika mji ambamo malaria huingia karibu kila nyumba, funzo hilo ni baya. Wachoraji wetu wakitaka kutunga hadithi za picha kwa Kiswahili, mfano wanao kwa Mwindo. Waanze kwa kulichora lile lililoachwa katika ufito mweupe: mkeka, kikombe cha uji, na mtu anayejaribu kusimama kwa mara ya tatu.

Mpwa wangu nilimjibu kwamba mimi nililala siku kumi na moja. Alionekana kuridhika.