Mtandao Umefika Hadi Jikoni kwa Mama!

Jumamosi saa nne asubuhi, hapa Bula Pesa, Isiolo, mama alikuwa jikoni kwake nyuma ya nyumba akifukiza madumu ya maziwa ya ngamia kwa moshi wa kuni. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye gunia la makaa, anaongea na mteja wake wa Eastleigh. Kwa video! Dakika 20 nzima, na picha haikuganda hata mara moja! Nami nimesimama mlangoni nikitazama, na wallahi nilitamani kupiga vigelegele.

Kama hujui jiko lile, hutaelewa furaha yangu. Ni kibanda cha mabati pande zote nne, mbali na nyumba kubwa. Kwa miaka mitatu hakuna simu iliyowahi kushika Wi-Fi mle ndani. Mama akitaka kuongea na wateja alikuwa anaacha moto, anavuka ua, anakuja kukaa sebuleni.

Kilichobadilika ni TP-Link Deco X50, pakiti ya vituo viwili vya Wi-Fi. Nimekaa nayo siku tano tu, lakini subira imenishinda. Lazima niwaambie.

Ndani ya boksi kuna vimnara viwili vyeupe vya mviringo, kila kimoja na kimo cha kama sentimita 11. Kiweke kando ya chupa ya chai na mgeni hatajua ni nini. Hakina antena za kusimama kama pembe. Nyuma kuna matundu matatu ya waya, yote ya gigabiti. Unapakua programu ya Deco kwenye simu, unaunganisha kituo cha kwanza na kifaa kinacholeta intaneti, taa inawaka buluu, unaupa mtandao jina na neno la siri. Basi! Cha pili ukikiwasha, programu inakitafuta na kukiunga na mwenzake. Mpwa wangu wa Gredi ya 7 alimaliza kazi yote kabla chai haijapoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa zetu zinapopotelea. Miaka yote hiyo nililaumu intaneti inayoingia nyumbani. Nikapandisha kifurushi kutoka Mbps 10 hadi 20, na jiko halikuonja hata tone. Nikikaa kando ya rauta ndogo niliyopewa siku ya kuunganishiwa, nilipata karibu zote 20. Nikitoka uani, hakuna kitu. Maji yalikuwa yamejaa tangini. Bomba la ndani ndilo lililokuwa bovu, nami kila mwezi nalipia tangi kubwa zaidi!

Sababu iko kwenye kuta zetu. Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Masafa ya 2.4 GHz yana mawimbi marefu kidogo, kama sentimita 12, kwa hiyo hujipenyeza ukutani. Lakini nafasi yake ni finyu: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na rauta za majirani wote zinagombania humo humo. Masafa ya 5 GHz yana uwanja mpana na kasi tamu, ila ukuta wa mawe unayameza, na bati linayarudisha yalikotoka. Nyumba zetu Isiolo ni mawe na mabati. Hata ununue rauta moja yenye antena nane, bati ni bati. Dawa ni kupeleka kituo cha pili pale watu walipo.

Na tafadhali usichanganye dawa hii na kile kidude cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye soketi ili kiongeze mawimbi. Vingi vya aina hiyo hupokea na kutuma kwa redio ile ile, kwa hiyo karibu nusu ya kasi huishia njiani. Deco X50 inakuruhusu kuunganisha vituo viwili kwa waya. Nami waya niliuvuta: mita 22 za Cat 6, kupitia darini hadi jikoni. Waya wa aina hii unaweza kwenda hadi mita 100.

Dukani nilipewa kwanza waya wa bei nafuu. Nikaukwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, chini weupe. Alumini iliyopakwa shaba! Nikaurudisha. Wa pili niliukwangua, ukawa mwekundu hadi ndani. Huo ndio waya. Nikachagua wenye ganda jeusi la kuwekwa nje, kwa sababu jua letu hulipasua ganda la kawaida kabla ya muda wake.

Kisha nikafanya jaribio nililolingojea kwa hamu. Nilimpigia kaka yangu Moyale kwa WhatsApp nikiwa sebuleni, nikaanza kutembea bila kukata. Ukumbini, uani, zizini, hadi jikoni.

“Kaka, bado unanisikia?”

“Nakusikia vizuri sana. Umetoka nje? Nasikia mbuzi.”

Simu ilihama kutoka kituo kimoja hadi kingine katikati ya mazungumzo, na hakuna aliyegundua! Nikapima kasi: sebuleni Mbps 19, chumba cha nyuma 18, jikoni 19. Ndani ya mabati!

Boksi limeandikwa AX3000. Tarakimu hiyo isikuchanganye: ni Mbps 2402 za masafa ya 5 GHz kujumlisha 574 za 2.4 GHz, nazo ni hesabu za maabara. Utamu wenyewe uko kwenye Wi-Fi 6, kizazi kilichoanza kuidhinishwa mwaka 2019. Rauta za zamani ni kama lori linalokwenda Marsabit na gunia la mfanyabiashara mmoja, linarudi, ndipo lichukue la mwingine. Wi-Fi 6 inapakia mizigo ya watu kadhaa katika safari moja. Jana usiku watoto walikuwa na katuni, mke wangu yuko kwenye mkutano wa kazi, mimi natuma picha, na hakuna aliyepiga kelele kwamba mwenzake “anamaliza mtandao.”

Stima je? Vituo hivi vinatumia volti 12, na kibetri cha rauta kutoka dukani kinaviwasha. Jumatatu stima ilipotea jioni na sisi tukaendelea! Lakini soma volti na ampea kwenye kibandiko kabla ya kununua kibetri, na ukumbuke kukilisha pia kifaa kinacholeta intaneti, la sivyo utabaki na Wi-Fi isiyo na kitu ndani. Joto nalo lizingatie: kifaa kimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 za Selsiasi, na chini ya bati lisilo na dari, mchana wa Isiolo unaweza kuzidi hapo. Cha jikoni nimekiweka kwenye rafu ya chini, mbali na moto, na nakipangusa vumbi kila asubuhi.

Kasoro? Zipo. Kifaa hakina tundu la USB, na baadhi ya vidhibiti vya kuwalinda watoto vinalipiwa kando. Wi-Fi 7 nayo ilianza kuidhinishwa Januari 2024, lakini kwa kifurushi cha Mbps 20 sioni sababu ya kuikimbilia.

Chapa nyingine zipo na si lazima uchukue hii. Ila usikubali pungufu ya haya: Wi-Fi 6, matundu ya gigabiti, usalama wa WPA3, uwezo wa kuunganisha vituo kwa waya, na kifaa kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mimi nilitoa pesa ambazo zingeninunulia mbuzi wawili wanono, na ningezitoa tena leo. Unalipa mara moja, badala ya kuongeza kifurushi mwezi baada ya mwezi na jiko libaki gizani.

Jumamosi ile mama alipomaliza kuongea, alipangusa simu kwa leso, akanigeukia.

“Mwanangu, umeongeza pesa ya mtandao?”

“La, mama. Ni ile ile ya kila mwezi.”

“Basi ilikuwa wapi siku zote hizi?”

“Sebuleni, mama. Ilikuwa sebuleni.”