Gumzo Linalotangulia Bao

Anayetazama mchezo wa video mubashara kwa simu, akiwa Kigali, mara nyingi husoma bao kabla ya kuliona. Maandishi ya gumzo ni mepesi, yanafika papo hapo. Picha ni nzito. Hukawia sekunde kadhaa, na mtandao ukilegea hukawia zaidi. Pembeni watu wameshashangilia, mpira bado uko katikati ya uwanja. Wengi huita hiyo hitilafu. Mimi naiona ndiyo umbo lenyewe la sanaa hii.

Kigali ina mazoea ya sauti iliyopandishwa juu ya picha: agasobanuye, filamu za kigeni ambazo msimulizi huzifafanua kwa Kinyarwanda huku akiwakatiza waigizaji na kuwatania. Mrushaji wa michezo ni ndugu yake, ila amejitokeza usoni, kwenye kisanduku cha kona. Tena yeye hujibiwa, na anaishi kwa kujibiwa, ingawa jibu humfikia tukio limekwisha pita. Msikilize mrushaji hodari: husoma swali kwa sauti, hulirudia, hurefusha sentensi, hucheka kidogo kabla ya kujibu. Ule unaoonekana kuwa uropokaji ni ufundi wa kuziba pengo.

Microsoft ilidhani pengo ndilo adui. Jukwaa lake la Mixer lililishusha hadi chini ya sekunde moja, kisha Agosti 2019 likamvuta mrushaji mashuhuri Ninja kutoka jukwaa pinzani la Twitch. Likafungwa tarehe 22 Julai 2020. Mazungumzo yalikuwa ya haraka, lakini wazungumzaji wachache. Jukwaa la Kick, lililoanza mwishoni mwa 2022, limeshindania mfuko: humwachia mrushaji asilimia 95 ya ada za watazamaji waliojisajili, ilhali Twitch kwa kawaida humwachia nusu. Skrini yenyewe? Video huku, gumzo kule, kama Twitch tu.

Kwa mtazamaji anayenunua kifurushi cha data, ushindani wa kweli umo kwenye kile kitufe cha gurudumu la meno, cha kuchagua ubora wa picha. Twitch haimhakikishii mrushaji mdogo kwamba watazamaji wake watapata viwango vya chini. Video ya megabiti 6 kwa sekunde, kasi ambayo Twitch hupendekeza kwa picha ya 1080p ya fremu 60 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 2.7 kwa saa. Anayemshabikia kijana asiyejulikana bado ndiye anayelipa zaidi. YouTube hushusha hata hadi 144p, na humruhusu mtazamaji kurudisha nyuma. Wapo wanaosema kurudisha nyuma kunaua umubashara. Labda hawajawahi kukatikiwa na mtandao ndani ya basi la Nyabugogo.

Ila 144p nayo huchagua aina ya mchezo. Soka hubaki soka, na ngumi za Tekken zinaeleweka hata zikiwa ukungu. League of Legends, yenye ramani ndogo na tarakimu zilizosongamana, hugeuka madoa. Ubora wa chini huamua ni michezo gani itakayopata mashabiki.

Kwa hiyo, kwa mtazamaji wa Kigali, YouTube imeshinda, japo gumzo lake limepooza ukililinganisha na la Twitch. Twitch ikitaka kumpata, impe kila mrushaji, hata mwenye watazamaji watatu, viwango vyote vya picha.