Mwanga Unaopotezwa kwa Makusudi

Mkono wa roboti wa kiwandani hujua umekaaje kwa sababu maungio yake yanahesabika. Kila ungio lina kihisio cha pembe; kompyuta ikizipata pembe hizo pamoja na urefu wa kila pingili, umbo zima limejulikana. Kidole cha silikoni kinachojazwa hewa hakina ungio hata moja. Hupinda, hurefuka na kubonyea popote kinapoguswa. Ukikipachika kipimo kigumu ili ukisome, umekiondolea ulaini uleule uliokufanya ukitengeneze. Sharti kipimo nacho kivutike.

Umeme ulijaribiwa mapema. Mpira uliochanganywa na kaboni hubadili ukinzani wake unapovutwa, lakini ukiuachia haurudi sawasawa ulipoanzia, na kipimo kisichorudi mahali pake hukutia mashaka kila unapokisoma. Metali ya majimaji iliyojazwa katika vijifereji ndani ya mpira ina tabia nzuri zaidi, ila mfereji ukipasuka metali humwagika.

Mwaka 2016, Huichan Zhao na wenzake katika maabara ya Robert Shepherd, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science Robotics mkono bandia laini unaojihisi kwa mwanga. Uzuri wa kazi yao huonekana ukiilinganisha na mkongo wa mawasiliano tunaoujua sote, ule unaotuletea intaneti kupitia chini ya bahari. Ndani ya mkongo kuna kiini ambamo mwanga husafiri polepole kuliko ndani ya ganda linalokizunguka. Mwanga ukiufikia mpaka wa viwili hivyo kwa ulalo, huakisiwa na kurudi kwenye kiini. Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walieleza kwamba mkongo wa kioo ungefaa kwa simu iwapo, baada ya kilometa 1, ingebaki angalau sehemu 1 kati ya 100 ya mwanga ulioingia. Tangu hapo mafundi wa mkongo wamekuwa wakipigana na upotevu.

Zhao na wenzake waliutaka upotevu huo. Kiini chao ni cha poliyurethani angavu na ganda ni la silikoni, navyo vilimiminwa katika kalibu zilizotengenezwa kwa printa ya 3D. Upande mmoja kuna taa ya LED, upande wa pili diodi inayopokea mwanga. Kidole kikivutika, njia ya mwanga hurefuka na mwanga unaofika hupungua. Upungufu huo ndio kipimo. Ukihesabiwa kwa desibeli, huongezeka karibu sawia na urefu ulioongezeka, kwa hiyo hesabu ya kuusoma ni nyepesi.

Lakini diodi hutoa namba moja tu, na namba hiyo hushuka kidole kikipinda, kikivutwa au kikibanwa. Utazitofautishaje sababu? Jibu lao lilikuwa mahali pa kuweka njia za mwanga. Iliyo karibu na mgongo wa kidole huvutika sana kinapopinda. Iliyo upande wa ngozi inayogusa kitu hubanwa kwanza. Kidole kikijua kimepinda kiasi gani na kimebanwa kiasi gani kwa wakati mmoja, kinaweza kupima ulaini wa kinachoshikwa. Ndivyo mkono ule ulivyobonyeza nyanya tatu na kuchagua iliyoiva. Kwangu mimi, jaribio hilo lina uzito kuliko grafu zote za ripoti.

Lilibaki swali la mahali: mbano umetokea wapi kwenye urefu wa kidole? Mwaka 2020 maabara hiyohiyo ilichapisha katika jarida la Science kihisio chenye viini viwili, kimoja angavu na kingine chenye rangi mbalimbali zilizotiwa katika sehemu mbalimbali. Kihisio cha rangi mwishoni husoma nyekundu, kijani na buluu, na badiliko la rangi hutaja sehemu iliyoguswa. Walikitia katika glavu, kimoja kwa kila kidole. Rangi ina faida nyingine ninayoithamini: betri ikichoka, mwanga wote hufifia kwa pamoja na kipimo cha mwangaza peke yake hudanganyika, lakini uwiano kati ya nyekundu na buluu kwa sehemu kubwa hubaki vilevile.