Kiitikio na Hoja: Uhakiki wa Mazungumzo ya Darasani katika Kusoma na Hisabati, Kata ya Kawe

Tafiti nyingi za Kitanzania kuhusu mazungumzo ya darasani zimeshughulikia lugha kuliko mazungumzo yenyewe. Tangu Tume ya Makweta ya mwaka 1982 hadi mradi wa LOITASA ulioanza 2002, ambao Birgit Brock-Utne na Martha Qorro walikuwa miongoni mwa viongozi wake, hoja kuu imekuwa kwamba mwanafunzi wa sekondari hanyamazi kwa ujinga, bali kwa kufundishwa kwa Kiingereza asichokimudu. Hoja hiyo haina budi kukubaliwa. Lakini haielezi shule ya msingi ya serikali katika kata kama Kawe, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu 1967, na ambako bado kiitikio kinatawala: mwalimu anatamka "sehe...", darasa linamalizia "...mu!", anauliza "Tumeelewana?", linajibu "Ndiyo, mwalimu!"

Kiitikio hicho si cha kubezwa. Katika darasa lililojaa, humshirikisha kila mtoto na humsitiri asiyejua. Udhaifu wake ni kwamba humsitiri hata mbele ya mwalimu. Maandishi ya Kiswahili husomeka kama yatamkwavyo. Hivyo mtoto aliyezimudu silabi aweza kuisoma aya nzima kwa sauti safi pasi na kujua nani alimtendea nani nini. Mtafiti anayehesabu majibu ya pamoja ataandika "uelewa" pale palipo na mwangwi tu.

Katika hisabati hatari ni kubwa zaidi. Darasa linaweza kukariri kwamba kiasi kiko juu na asili iko chini, kisha likadai kuwa 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa nne inazidi tatu. Hata hivyo, mtoto yuleyule anapotumwa dukani anajua kuwa robo kilo ya sukari ni pungufu ya nusu kilo. Maarifa yapo, hayajaalikwa. Swali "Kwa nini unasema hivyo?", likifuatwa na kimya cha kutosha na mwanafunzi wa pili anayeruhusiwa kupinga, huyaleta darasani. Theluthi, isiyo na jiwe lake katika mizani ya dukani, ndiyo itakayoonyesha kama hoja imeeleweka au ni mazoea tu.

Neil Mercer wa Uingereza ameyaita mazungumzo ya namna hii ya kiuchunguzi, na wapo wanaoyaona kuwa mageni kwa malezi yetu, ambamo mtoto hambishii mkubwa. Pingamizi hilo linasahau kwamba katika *Elimu ya Kujitegemea* (1967) Nyerere alitaka shule ijenge akili ya kudadisi. Linasahau pia mchezo wa rede mitaani, ambako watoto hubishana, kwa sababu na ushahidi, kama mpira umemgusa mtu au haukumgusa. Anayebishaniwa hapo ni mwenzao, si mwalimu. Ndiyo maana mjadala wa wawili wawili waweza kufaa kuliko swali la mbele ya darasa zima.

Tasnifu itakayofuata ingefaa inukuu kwa ukamilifu jibu moja lisilo sahihi, pamoja na yote yaliyosemwa baada yake, kabla ya kuweka jedwali la asilimia.