Maandishi ya Kiha na Sura Yake ya Ndani

Lugha ya Kiha, isemwayo Kasulu, Kibondo na wilaya jirani za mkoa wa Kigoma, haikukosa wataalamu wa kuishughulikia. Msamiati wa Nakagawa Hiroshi ulitolewa Tokyo mwaka 1992, na kitabu cha Lotta Harjula, chenye sarufi, matini na msamiati, kilitoka Köln mwaka 2004. Kasoro ihakikiwayo hapa haimo katika vitabu hivyo, bali katika desturi iliyozuka tangu kompyuta iwe kalamu ya mtafiti: faili hufunguliwa katika programu ya kuandikia, macho huridhika, na kile kionekanacho kiooni huchukuliwa kuwa ndiyo matini yenyewe.

Kwa Kiswahili hasara ni ndogo, maana maandishi yake sanifu hayahitaji alama juu ya herufi (ukiacha kistari cha ng', ambacho nacho kina visa vyake). Kiha ni lugha ya toni, na mwenye kuiandika kitaalamu hana budi kutia alama. Hapo ndipo matata yanapoanza. Herufi á yaweza kuhifadhiwa kwa njia tatu: katika mpango wa zamani wa Latin-1 ni baiti moja, e1, katika UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni ama baiti mbili, c3 a1, ama tatu, 61 cc 81, yaani a tupu ikifuatwa na alama yake. Njia hizi mbili za mwisho hufanana kabisa kiooni. Amri ya cat, ambayo humwaga yaliyomo kama yalivyo, haitofautishi mojawapo na nyingine. Lakini xxd, au od iliyokuwamo katika Unix tangu mwaka 1971, huonyesha baiti zenyewe kwa tarakimu, na siri hufichuka papo hapo. Mtafiti akitafuta neno kwa grep katika matini zilizochanganya njia hizo, atapata sehemu tu ya mifano, kisha atatangaza kuwa neno ni adimu Kibondo na la kawaida Kasulu, hali ya kuwa tofauti ni ya wapiga chapa wawili. Hilo si kosa dogo la ufundi. Ni ushahidi wa uongo juu ya lahaja.

Faili za docx zadai njia nyingine. Ukizitazama kwa xxd utakuta 50 4b mwanzoni, yaani PK, alama ya kifurushi kilichobanwa; ndani yake maneno hayasomeki mpaka kifunguliwe kwa unzip -p na kutolewa word/document.xml. Humo ndimo mna utajiri. Ikiwa masahihisho yalikuwa yakifuatiliwa, maneno yaliyofutwa yamo bado, pamoja na jina la aliyefuta na tarehe. Mhakiki aweza kuona mahali ambapo umbo la Kiha lilisogezwa kuelekea Kirundi, lugha iliyo karibu nayo mno (Guthrie aliziweka D66 na D62), au kuelekea Kiswahili cha shule. Hakuna toleo lililochapwa linaloonyesha jambo hilo.

Ila utajiri huo una madhara yake. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta, Kibondo, ilipokea Warundi mwaka 2015. Simulizi za watu waliokimbia vita si mifano ya sarufi tu. Msimulizi aliyeahidiwa kutotajwa, jina lake likafutwa kwa kubonyeza kitufe, aweza kuwa yumo bado ndani ya faili lililotumwa kwa wenzi wa kazi ng'ambo. Anayehifadhi matini bila kuifungua hivi hajatimiza ahadi yake.

Faili za PDF ni dhaifu kuliko zote kwa kazi hii. Mwanzo wake husomeka, %PDF, lakini kurasa kwa kawaida zimebanwa, na pdftotext hutoa tu kile ambacho ramani ya herufi iliyomo inadai. Ramani ikikosewa, toni hupotea ingawa ukurasa waonekana safi. Yafaa basi hifadhi zipokee matini za Kiha kwa maandishi matupu ya UTF-8, njia moja ya alama ikitajwa mwanzoni mwa kila faili, na PDF iambatishwe kwa ajili ya macho tu.