Sifa za Fundi wa Bafu Dogo

Bafu la uani katika nyumba nyingi za Nguvumali, Tanga, ni chumba ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Siku hizi likifikiwa na ukarabati, mazungumzo yote ni ya marumaru: za rangi gani, zenye maua au zisizo na maua, zipande ukutani mpaka wapi. Mteremko wa sakafu, ule unaoyapeleka maji kwenye tundu lake, hautajwi kabisa. Ndiyo maana tuna mabafu mapya yanayong'aa na yenye dimbwi la kudumu kwenye kona. Uzuri wa bafu dogo hutoka kwanza mkononi mwa fundi, dukani baadaye. Na mkono huo tunaupoteza kwa sababu tunaupimia ujira kwa kipimo kisichoufaa.

Mtazame fundi wa niru, ule mpako laini wa saruji, mmoja wa wale wachache waliobaki. Hufunga uzi kutoka kila ukuta hadi kwenye tundu, akaushusha sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili maji yasiwe na pa kwenda ila pale alipoyakusudia yaende. Akishamwaga sakafu na kuisawazisha, hungoja. Kungoja huko ndiko ufundi wenyewe. Saruji ikiwa mbichi mno mwiko huivuta ikafanya mawimbi. Ikikauka, niru haishiki, baada ya miezi inabanduka magamba magamba. Hubonyeza kwa kidole gumba, na kikiacha alama bila kuzama, hapo ndipo anapomwaga uji mzito wa saruji yenye rangi nyekundu, akapiga magoti juu ya ubao na kusugua kwa mwiko wa chuma, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Pale ukuta unapokutana na sakafu haachi pembe kali. Huiviringisha kwa ubavu wa chupa, ufagio ufike na uchafu ukose maskani. Ukutani huchonga kidaka cha sabuni kilichoinama kidogo kwa mbele, kisituamishe maji, na hivyo hapahitajiki kishikio cha chuma cha kuliwa na chumvi ya bahari. Kisha huifunika kazi kwa magunia mabichi kwa siku 7, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukanyaga.

Adabu hii ya maji ni ya zamani pwani. Kasri ya Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ilikuwa na birika la kuogea la pembe nane, na Sultani Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850. Hayo ni ya wafalme. Linalostahili sifa zaidi ni birika la bafuni katika nyumba za mawe za Lamu: chini kabisa, ndani ya lipu ya chokaa, mafundi walizika bakuli la kaure kutoka China, ili maji yakipungua yakusanyike humo na kata iyachote hadi ya mwisho, huku samaki wadogo wakila viluwiluwi vya mbu. Chombo cha thamani kiasi kile kilitiwa mahali pa kazi, chini ya maji. Leo tunapanga vya thamani ukutani, na maji tunayaacha yajitafutie njia.

Atasema mtu kwamba niru hupasuka na marumaru husafishika upesi. Kweli, niru iliyoharakishwa hupasuka. Marumaru nayo si adui, ikiwa na uso wa kukwaruza usiotelezesha mguu wa mzee. Lakini marumaru hufuata sakafu iliyo chini yake, na kile kipande kikubwa cha sentimita 60 hakiwezi kupinda pande nne kuelekea tundu, vidogo vinaweza. Wala sitetei chokaa ya matumbawe. Miamba yetu imekwisha kulipa vya kutosha. Saruji inatengenezwa Pongwe, hapa hapa Tanga, na gunia la mkonge si kitu cha kuagiza ng'ambo. Kilicho ghali ni siku. Na anayetaka kubana nafasi kwa kuchanganya choo na bafu akumbuke kwa nini wazee walivitenga, walau kwa ukuta mfupi: mwenye kutawadha akirukiwa na maji yaliyotuama, anaingiwa na shaka na tohara yake.

Kosa liko kwenye hesabu. Fundi wa leo hulipwa kwa mita ya mraba. Sebule ya mita 20 ina kona nne tu na haina tundu. Bafu la mita 3 lina kona nne, mabomba, tundu, kizingiti na kidaka, na malipo yake hayafiki hata moja ya sita ya yale ya sebule. Fundi gani atangoja saruji ikomae kwa ujira huo? Anapaka, anabandika, anaondoka, na kijana anayemsaidia anajifunza hivyo hivyo.

Basi wewe unayekarabati, patana na fundi kwa chumba kizima, ulipe na siku za kungoja. Kazi ikiisha, kabla ya kutoa salio, mwaga ndoo ya maji mlangoni na usimame uangalie. Yakibaki kwenye kona, kazi haijaisha.